Vijana wa Soweto na karafuu za Pemba: nani kasema wafanyakazi hawapo?



Msimu uliopita dada yangu alinipigia simu kutoka Maskati, sauti imembadilika kwa hasira. Tuna shamba dogo la mikarafuu Pemba, upande wa Wete, tuliloachiwa na marehemu mama. "Kaka, karafuu zinatuharibikia mtini," akaniambia. "Msimamizi anasema wachumaji hawapatikani. Vijana wote wamekimbia. Waliobaki wavivu, wanataka bodaboda na simu tu."

Najua simu kama hizi zinapigwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Mwengine analia na karafuu, mwengine na minazi ya Kilifi, mwengine na mitende ya babu yake Ibra. Kilio ni kimoja: vijana wameondoka, shamba halina mtu. Siku zote nilikuwa nikiitikia, "Kweli, vijana wameharibika." Safari hii nilishindwa kuitikia, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimerudi Johannesburg, nilikokwenda kumtazama mwanangu anayefanya kazi huko. Alinitembeza Soweto siku mbili, na mwalimu wa jiografia hata akistaafu hawezi kutembea mahali asiulize watu wamefikaje hapo.

Soweto wengi tunaijua kwa mambo mawili: maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976, na mtaa wa Vilakazi walikoishi Mandela na Askofu Tutu. Watalii wanapelekwa huko. Lakini ukisimama kwenye kituo cha magari mbele ya hospitali ya Baragwanath, pale wanapopandia matatu zao wanazoziita teksi, unaiona Soweto nyengine. Saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, vijana wengi wamekaa, si kwamba wamepumzika. Hawana pa kwenda. Kwa hesabu za serikali yao, miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 34 walio katika soko la kazi, zaidi ya 40 katika kila 100 hawana ajira.

Humo humo Soweto, mwaka 2021, ndimo lilimozaliwa kundi la Operation Dudula, linalotaka wageni wafukuzwe, kwa hoja kwamba wamechukua kazi za wenyeji. Na huku nyuma, ukienda kaskazini mpaka Musina, karibu na mpaka wa Zimbabwe, mashamba ya machungwa na mboga yamejaa wafanyakazi wa Kizimbabwe. Ukienda Rasi ya Magharibi kwenye zabibu, utawakuta Wazimbabwe na Wasotho. Basi wanasiasa na wenye mashamba wanasema maneno yale yale ya dada yangu: kazi zipo shambani, vijana wetu hawazitaki, ndio maana wageni wanachukua.

Ni kweli? Nusu ni kweli. Lakini ili kuiona nusu ya pili inabidi turudi nyuma kidogo, tuone Soweto imetoka wapi.

Dhahabu iligunduliwa Johannesburg mwaka 1886. Migodi ilihitaji watu kwa maelfu, tena kwa mshahara mdogo. Wakati ule Mwafrika wa vijijini alikuwa na ng'ombe wake, mahindi yake na mtama wake, hana haja ya kushuka shimoni. Wakulima wengine wa Kiafrika walikuwa wakiuza nafaka sokoni na kushindana na wazungu. Basi zikaja kodi. Mwaka 1894, Cecil Rhodes akiwa waziri mkuu wa Koloni la Rasi, ilipitishwa sheria ya Glen Grey, na ndani yake mlikuwa na kodi ya shilingi 10 kwa mwanamume ambaye hakutoka kwenda kufanya kazi nje ya wilaya yake. Yaani ukikaa shambani kwako unalipishwa faini! Halafu ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1913, iliyowabakishia Waafrika kiasi cha asilimia 7 ya ardhi ya nchi nzima. Mwaka 1936 waliahidiwa nyongeza ifike asilimia 13. Kijana akitaka kuoa, akitaka kulipa kodi, akitaka hata blanketi, hana njia isipokuwa mgodini au mjini.

Hao ndio waliojenga Soweto. Mtaa wa Orlando ulianzishwa na halmashauri ya jiji mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nyumba hazikutosha, watu wakajazana vyumba vya nyuma, mpaka mwaka 1944 James Mpanza akaongoza maelfu ya wapangaji wakajenga vibanda vya magunia kwenye uwanja wa wazi. Mwito wao ulikuwa "Sofasonke", maana yake tutakufa sote. Jina la Soweto lenyewe lilikuja rasmi mwaka 1963, nalo ni kifupi tu cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Mahali pa watu zaidi ya milioni moja, na jina lake ni upande wa dira.

Sasa sikilizeni jambo lililonikaa moyoni, kwa sababu ndilo linalohusu shamba.

Watu walipokimbilia mjini, makaburu wenye mashamba walianza kulia. Wafanyakazi hawapatikani, walisema, vijana wote wanakwenda Johannesburg. Wangeweza kuongeza mshahara. Wangeweza kujenga nyumba za watu. Lakini serikali iliwatafutia njia nyengine, nayo ni pasi. Kila Mwafrika mjini alitakiwa awe na kitabu cha pasi, na kitabu kikiwa na kasoro yoyote, polisi wanakamata. Mwaka 1954 ulitolewa waraka ulioelekeza kwamba aliyekamatwa kwa makosa madogo ya namna hiyo apelekwe ofisi ya kazi, na huko "apewe nafasi" ya kwenda kufanya kazi shambani badala ya kushtakiwa. Kijana anatoka dukani, anaulizwa pasi, kesho yake yuko kwenye lori. Wengine jamaa zao hawakujua walipo kwa miezi.

Mashamba yaliyokuwa na sifa mbaya kupita yote ni ya viazi, wilaya ya Bethal, mashariki ya Johannesburg. Mwandishi Henry Nxumalo wa gazeti la Drum aliandika habari zake mwaka 1952, watu wanavyopigwa na wanavyolala kwa kufungiwa. Walivaa magunia ya viazi yaliyotobolewa sehemu ya kichwa na mikono. Mwaka 1959 chama cha ANC na wenzake wakatangaza mgomo: tusile viazi. Na watu wa vitongoji vya Johannesburg wakaacha kweli, miezi kadhaa, mpaka viazi vikalundikana sokoni. Ilisemwa mitaani kwamba vile viazi vina sura ya watu waliozikwa shambani.

Nilipokuwa nikisomesha, niliwaambia wanafunzi kwamba vijana huondoka shamba kwa kuvutwa na taa za mji. Nilisoma hivyo mwenyewe katika shule ya sekondari ya misheni, nikaandika hivyo katika mtihani, nikapata alama. Soweto imenionesha kwamba nilisomesha nusu ya somo. Kwanza mtu alinyang'anywa shamba lake ndipo akaenda mjini. Kisha mjini akakamatwa na kurudishwa shambani, safari hii shamba la mwengine. Katika mizunguko yote miwili hapana aliyemuuliza anataka nini, wala hapana aliyempandishia mshahara.

Ubaguzi uliondoka. Sheria za kuzuia watu kuingia mijini zilifutwa mwaka 1986, ile ya ardhi mwaka 1991, na mwaka 1994 watu wakapiga kura. Mtu angetegemea shamba nalo libadilike. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria ya kuwalinda watu wanaoishi kwenye mashamba ya wengine wasifukuzwe ovyo. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba katika miaka kumi tangu 1994, karibu watu milioni moja walikuwa wamefukuzwa katika mashamba walimokuwa wakiishi. Wengine ni familia zilizokaa hapo vizazi vitatu. Basi tunaposema vijana wa Afrika Kusini "wameacha" mashamba, tuchague neno vizuri. Wengi waliachishwa.

Waliobaki nao hawakukaa kimya. Kuna mji mdogo unaitwa De Doorns, bonde la zabibu Rasi ya Magharibi. Mwaka 2009 wenyeji waliwavamia Wazimbabwe na maelfu wakayahama makazi yao, wakisema wageni wanakubali ujira mdogo. Mwaka 2012 mji ule ule ukawaka tena, lakini safari hii wafanyakazi wa mashambani waligoma kudai ujira wenyewe. Kima cha chini kilikuwa rand 69 kwa siku. Wao walitaka 150. Watu watatu walikufa katika vurugu zile. Mwezi wa Machi 2013 serikali ikapandisha kima hadi rand 105. Kwa hiyo tatizo walilokuwa wakimtupia Mzimbabwe lilikuwa muda wote ndani ya bahasha ya mshahara.

Hebu tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini, kuanzia Machi 2025, kilikuwa rand 28.79 kwa saa, na tangu 2021 shamba limewekwa sawa na kazi nyengine. Siku ya saa tisa ilikuwa kama rand 259. Watu wanasema vijana wamedekezwa na posho ya serikali ya wasio na kazi. Posho hiyo mwaka 2025 ilikuwa rand 370, si kwa siku, kwa mwezi. Haikufika ujira wa siku mbili za shamba. Mtu hawezi kukaa nyumbani mwezi mzima kwa ajili ya ujira wa siku moja na nusu. Kuna jambo jengine.

Nilimuuliza kijana mmoja pale kituoni, mwanangu akinisaidia. Nilisema, kule Musina kuna kazi, mbona hamwendi? Hakukasirika. Alinijibu kwa swali: "Mzee, nitalala wapi?" Kisha akaongeza: kazi ni ya msimu, nauli ya kilomita mia tano kwenda na kurudi natoa mimi, miezi mitatu ikisha nafukuzwa kambini, narudi hapa sina kazi na nimekosa hata hivi vibarua vya mjini. Bibi yake ametoka Limpopo, lakini kule hana shamba wala hajui kulima. Babu alilima, baba alikwenda kiwandani, yeye amezaliwa Soweto. Vizazi viwili tu, jembe limepotea katika nyumba.

Mzimbabwe anakwenda kwa sababu kwao Musina ni karibu na nyumbani pesa ni haba zaidi. Na kwa mwajiri yuko na faida nyengine: kibali chake ni cha muda, kinaongezwa kila mara kwa mashaka, hawezi kusema sana. Mtu asiyeweza kusema sana ndiye huyu tunayemwita "mchapakazi".

Nisiwaonee wenye mashamba. Mkulima naye ana shida zake. Maduka makubwa yanambana bei, mbolea na dizeli zimepanda, na mashine zinakuja. Na si kwamba nchi ile haina kilimo. Kwa kusafirisha machungwa na jamaa zake, Afrika Kusini ni miongoni mwa nchi za mwanzo duniani, pamoja na Uhispania. Mpango wa maendeleo wa taifa wa mwaka 2012 ulisema kilimo kinaweza kuzalisha karibu ajira milioni moja mpya ifikapo 2030. Hivi sasa kilimo chote kinaajiri kiasi cha watu laki tisa. Tumekaribia 2030 na ajira hizo hazijaonekana. Mashamba yanazalisha zaidi kwa watu wachache, na wachache hao wanatafutwa wawe wa bei rahisi.

Sasa turudi nyumbani, Pemba, na hapa naomba tuvumiliane, kwa sababu nitasema yanayotuhusu sisi wenyewe.

Mashamba ya karafuu hayakuanza kwa mkataba wa kazi. Yalipandwa na kuchumwa na watumwa, na hilo tunalijua, ingawa katika barza zetu hatupendi kulitaja. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, kilio cha kwanza cha wenye mashamba kilikuwa kipi? Wafanyakazi hawapatikani. Maofisa wa Kiingereza wakahangaika kutafuta wachumaji hata kutoka bara. Upande wa Tanga, kwenye mkonge, vijana wakaletwa kutoka Kigoma na Songea, wakapewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Kilio cha dada yangu kina zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na kila kilipolia hakikusema "kwa bei gani".

Yapo na mafunzo ya karibu. Kwa miaka mingi mkulima wa karafuu alikuwa akilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na watu wakaiacha mikarafuu izeeke, wengine wakivusha karafuu usiku kwenda Mombasa. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar ikapandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Ghafla wale wale "wavivu" wakaonekana mashambani na pembo na mapakacha, na magendo yakapungua. Vijana walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni bei.

Lakini mwenye shamba akipata bei nzuri, je, mchumaji anayepanda juu ya mti ule mrefu anapata sehemu yake? Mikarafuu si mchezo, tawi lake linavunjika bila kuonya. Kila msimu watu wanaanguka, wengine hawainuki tena. Analipwa kwa pishi, na mvua ikinyesha siku tatu hana kitu. Kijana mwenye akili zake timamu akilinganisha hayo na kuendesha bodaboda Chake Chake, mimi siwezi kumwita mvivu.

Na jambo la mwisho, ndilo gumu zaidi kulisema. Wasomaji wetu, vijana walioondoka ni akina nani? Ni sisi. Baba zetu na sisi wenyewe tulipanda majahazi na ndege, tukaja Ghuba tukaacha mashamba. Hatukuitwa wavivu, tuliitwa watafutaji. Na tulipofika Oman tukakuta vijana wa huko nao wameshashuka kutoka vijijini kwenda kwenye ofisi za Maskati, na mtende unapandwa na mtu wa Bangladesh aliyeacha mpunga wa baba yake. Nani basi atasimama amnyooshee kidole kijana wa Wete?

Dada yangu aliponisikiliza mpaka hapo akanyamaza, kisha akasema, "Basi kaka, unataka tufanye nini? Tuliache shamba?"

Sikutaka tuliache. Nilimwambia kwanza tumuulize msimamizi mchumaji analipwa ngapi kwa pishi, kwa sababu sisi wawili tulikuwa hatujui. Tulijua bei ya kilo, hatujui bei ya mtu. Alipouliza, tulikuta ujira haukupandishwa tangu mama alipokuwa hai. Pili, tukakubaliana kwamba atakayechuma msimu ujao atalipwa jioni ile ile, si baada ya karafuu kuuzwa. Tatu, yule kijana wa jirani anayelisafisha shamba kila mwaka bila ya haki yoyote, tutaandikiana naye mbele ya sheha: theluthi ya mavuno ni yake, na akipanda miche mipya, ile miche ni yake pia. Kamba za kujifungia mtini tutanunua sisi. Si mengi. Faida yetu itapungua, na dada yangu alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepiga hesabu.

Nikamjibu kwamba faida tuliyokuwa tukiipata zamani, sehemu yake haikuwa faida. Ilikuwa mshahara wa mtu ambao hatukumpa.

Serikali nazo zina wajibu mkubwa kuliko sisi: hati za ardhi kwa vijana, bima ya wachumaji, bei iliyo wazi. Afrika Kusini ilikuwa na polisi, pasi na malori, na bado ilishindwa kumfanya mtu alipende shamba lisilo lake. Sisi hatuna hayo, na alhamdulillahi hatuna. Tuna simu tu. Basi ukipiga simu nyumbani msimu huu kuuliza kwa nini karafuu hazijachumwa, uliza na hilo swali la kijana wa Soweto: huyo tunayemtaka aje shambani, atalala wapi, na asubuhi akiamka, nini hapo kitakuwa chake?